Kusomewa "aina ya nguvu" zako Kilimani, inafaa elfu tano kweli?

Kwa wanaouliza kuhusu hii Human Design, iko hivi: unapeana tarehe, saa na mahali ulizaliwa, unatolewa chati, halafu unaambiwa wewe ni gani kati ya aina tano za watu, Generator, Manifesting Generator, Projector, Manifestor ama Reflector. Aliyeianzisha, Ra Uru Hu, alisema sauti ilimjia huko Ibiza 1987, kwa hivyo sayansi usitafute hapo.

Mimi nikatoka Projector. Eti nisikimbilie kazi, ningoje nialikwe. Na hii Nairobi?? Landilodi ikifika tarehe tano hangoji mwaliko. Lakini ile ya kupumzika kabla nichoke kabisa, na kuacha kushauri mtu hajaniuliza, hiyo ilinishika, siku hizi kwa mkutano wa ofisi nanyamaza kiasi na unapata watu wananiuliza wenyewe, sijui ni chati ama ni adabu tu.

Dada anayekusomea chati ni mpole, anaelezea poa, ila dakika za mwisho zote zilienda kuniuzia kozi, hiyo sikupenda. Na chati yenyewe iko bure kwa intaneti, unalipia maelezo tu.

Kuacha kazi juu ya chati, zii. Kupanga wiki, sawa.

Ukienda, uliza mama saa vizuri kwanza. Akisema saa mbili usiku, kwa fomu andika 20:00, ukiweka 2 unaweza letewa chati ya mtu mwingine.