Walifuta kofia ya baba: uzoefu wangu na studio ya kusafisha picha

Nianze na mazuri yao, maana yapo, na sitaki mtu aseme nimewaonea. Karatasi yao ni nzito, nyeusi inatoka nyeusi kweli, si kijivu, na walivyoniambia kesho saa kumi, kesho saa kumi kazi ilikuwa tayari. Bei nayo haiumi. Kwa hayo peke yake ningewapa nyota nne nikaenda zangu. Lakini walifuta kofia ya baba yangu, kwa hiyo naomba mnisikilize kabla hamjawapelekea picha yoyote mnayoipenda.

Picha yenyewe niliipigia kwenye pantoni, kile kivuko cha Dar es Salaam, jioni, tunarudi Kigamboni. Daraja la Nyerere lipo tangu 2016, lakini baba hakulizoea. Amefanya biashara ya samaki pale Feri maisha yake yote, na kwake kuvuka ni kuvuka kwa maji. Alikuwa ameegemea chuma cha pembeni, mjukuu wake, yaani kitinda mimba wangu, kasimama karibu naye. Mimi kamera yangu ya mtumba ilikuwa mkononi, imewashwa, nawinda ndege waliokuwa wakifuata pantoni. Mara upepo wa kusi ukaja wa ghafla, ukaing'oa baragashia kichwani kwa baba. Mtoto akaruka kuidaka. Baba, badala ya kuikimbilia kofia yake, akacheka.

Sasa baba yangu si mtu wa kucheka kwenye picha. Picha zake zote, za vitambulisho, za harusi zetu, hata ile aliyopigwa aliporudi hija, amekaza taya. Ana pengo la meno mawili ya mbele juu tangu ujana wake, na siku zote hulificha kwa mdomo. Jioni ile alisahau. Kichwa kimekwenda nyuma, macho yamefumba, pengo lote nje, na juu yake kidogo kofia iko hewani na vidole vya mtoto havijaifikia.

Nilibonyeza mara tatu. Kwenye ya kwanza kofia bado iko kichwani. Kwenye ya tatu mtoto ameshaikamata na baba ameshafunga mdomo. Ni hiyo ya katikati tu.

Kasoro inayo, naijua. Nilikuwa nimeiweka kamera kwenye 1/125 ya sekunde, na kofia inayopeperuka mita 4 kwa sekunde inasogea kama sentimita 3 kabla shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, haijafunga. Ndiyo maana ilitoka kama doa jeupe lililovutwa, uzi wa nakshi zake huuoni. Lakini ndiyo kofia hiyo. Ukiitoa, hakuna atakayejua mtoto anarukia nini wala mzee anacheka nini.

Miezi kadhaa baadaye baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wa uso ukalala. Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, anatembea na fimbo na maneno yanarudi moja moja. Kicheko kile cha uso mzima hakijarudi. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini niliikalia ile picha kwenye kompyuta usiku baada ya usiku.

Jua lilikuwa nyuma yake, uso umeingia gizani. Bahati nzuri kamera ilikuwa inahifadhi faili ghafi, yaani picha kabla kamera haijaiminya, pamoja na JPEG, ile iliyokwisha kuminywa, na faili ghafi huwa limebakiza vitu ndani ya kivuli ambavyo JPEG imeshavitupa. Nikaupandisha uso taratibu, kidogo sana, kwa sababu ukizidisha, ngozi nyeusi inageuka rangi ya majivu na chenga zinaanza kutambaa mashavuni. Anga nikalishusha. Makunyanzi sikuyagusa. Pengo sikuligusa. Kofia ndiyo niliyoitazama kuliko vyote. Nikaiongezea weupe kiasi cha jicho kuiona haraka kwenye lile anga la rangi ya chungwa, nikaiacha.

Nilitaka inchi 12 kwa 18. Faili lina pikseli 6000 kwa 4000, umbo lilelile la tatu kwa mbili, hakuna cha kukata wala kuvuta. Kijana wa dirishani akaniambia nimtumie kwa WhatsApp. Nikamwambia WhatsApp inaminya picha, nikampa flashi yenye faili. Na nikamwambia kwa mdomo wangu, "Naomba usiguse kitu, itoe kama ilivyo." Akajibu, "Sawa, mama," macho yako kwenye simu.

Kesho yake niliikunjua palepale kaunta. Cha kwanza kuona kilikuwa meno. Baba ana meno! Meupe, yamepangika, ya mtu nisiyemjua. Ngozi imelainishwa na kung'arishwa mpaka mzee wa miaka zaidi ya 70 ana mashavu ya bwana harusi. Nikajisemea, haya, ndiyo mazoea yao ya picha za maharusi, labda flashi yangu ilichanganywa na kazi nyingine. Halafu jicho likaenda kutafuta kofia.

Anga tupu. Pamezibwa vizuri, hata kovu huoni. Mwanangu amenyoosha mikono kuelekea pasipo na kitu, na babu yake anacheka hewa.

"Mwanangu, hapa palikuwa na kofia."

Akainama. "Wapi?"

Nikamwekea kidole.

"Aah, lile doa? Tumelitoa, mama. Lilikuwa linaharibu picha."

"Halikuwa doa. Ni kofia ya baba yangu."

"Kompyuta yenyewe ndiyo imeona ni uchafu." Kisha akashusha pumzi kama mimi ndiye ninayemchosha. "Mama, hiyo kazi wenzako wanailipia. Wewe umefanyiwa bure halafu unalalamika. Unataka picha au unataka uchafu?" Akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Nilikuwa nimeandika nyota nne huko juu. Nazifuta tatu hapa hapa. Ninavyoyaandika maneno yale mikono inatetemeka tena, ingawa si jambo la jana. Mtu anakuletea uso wa mzazi wake, anakuomba usiguse, unagusa, kisha unamwita mpenda uchafu mbele za watu!

Na kwa kipimo hicho cha kusafisha, nini kitabaki? Mwaka 1932 Mfaransa Henri Cartier-Bresson aliingiza lenzi kwenye upenyo wa uzio wa mbao nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris, akampiga mtu anayeruka dimbwi. Kisigino kinakaribia kugusa maji, hakijagusa. Yule mtu hakutulia hata kidogo, ni kivuli kilichovutwa na mwendo. Picha hiyo mpaka leo inafundishiwa watu. Ingepita kwenye lile dirisha, mrukaji angefutwa, tukaachiwa dimbwi safi.

Nijizuie kidogo. Kugusagusa picha hakukuanza na kompyuta. Mafundi wa zamani walichora juu ya negativu za filamu kwa penseli iliyochongwa kama sindano, wakaziba makovu ya chunusi, na picha nyeusi na nyeupe wakazipaka rangi kwa mkono. Shangazi yangu anayo moja hivyo, midomo imetiwa wekundu na khanga imetiwa njano, na ni picha nzuri, naipenda. Lakini shangazi aliulizwa anataka rangi gani. Aliulizwa! Mimi sikuulizwa, na nilichokisema hakikusikilizwa.

Niliirudisha nyumbani nikiwa nimepanga kuichana. Mama akaipokea, akaikalisha mapajani, akasema, "Hapa mzee wangu amependeza." Kumbe miaka yote lile pengo lilikuwa linamuuma yeye kuliko baba. Akaniomba nimtafutie fremu. Nilikosa la kusema, maana nani amwambie mke asipende uso wa mumewe? Nikaanza hata kujiuliza kama hasira zangu ni za haki, kama yule kijana hakuwa amemfurahisha mtu ambaye mimi nilimsahau.

Ndipo baba akaomba aione. Aliishika kwa mkono wa kushoto, akaitazama muda mrefu. Akaiweka. Akaupeleka ule mkono kichwani kwake, akajipapasa upara, akaitazama tena.

"Ko... fia," akasema. "Wapi?"

Siku iliyofuata sikwenda dirishani. Niliingia mlango wa nyuma ambako mashine zinanguruma, nikamkuta mzee mwenye miwani minene, fundi wa siku nyingi, anapanga karatasi. Nikamfungulia faili langu kwenye kompyuta yake. Hakuniuliza jina. Aliisogelea sana, akaonyesha lile doa jeupe kwa ncha ya kalamu.

"Hii kofia?"

"Ndiyo, baba. Kofia."

Akatikisa kichwa. Akanionyesha mahali ambapo mashine inajirekebishia rangi na mwanga yenyewe, akapazima, na ile programu ya kulainisha sura akaifunga kabisa. Akatoa kwanza kipande chembamba cha usoni tu, tukatoka nacho nje tukakitazama juani, akasema uso umezidi wekundu kidogo, akarudi kupunguza. Ilipotoka nzima hakunidai hata shilingi. Sijawahi kuona picha yangu ikitoka hivi. Makunyanzi ya baba yanahesabika, chumvi ya ndevu iko, pengo liko, na kofia iko pale juu, inakwenda.

Yule kijana alipita akaona. Akasema, "Kumbe kofia kweli." Pole hakusema.

Kwa hiyo nyota ngapi? Mzee wa ndani nampa tano, na kama ziko zaidi nampa. Dirisha lao halipati hata moja, na jibu lile siwasamehei mpaka mwenye studio atakapomfundisha yule mtoto kuuliza kabla ya kufuta. Hata hivyo kazi nyingine nitaipeleka palepale, sitawadanganya, kwa sababu karatasi ile na mikono ile sijaiona kwingine. Mkienda, ingieni ndani. Andikeni kwenye bahasha kwa wino mkubwa: USIGUSE. Ombeni kipande cha majaribio, mkitazame nje, si chini ya taa zao. Na faili lenu la kwanza msilifute hata mkiambiwa wao wanatunza.

Picha ya kwanza iko chumbani kwa mama, kwenye fremu aliyoitaka, amekataza mtu asiisogeze. Ya pili iko sebuleni. Nimeitundika chini kuliko picha nyingine zote, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha baba.