Adventure Game Studio kwa mtu wa Mwanza mwenye laptopu ya zamani: nimeitumia mwaka na nusu, haya ndo niliyoyaona

Niseme mapema kabisa, kama una kisa kichwani na una laptopu ya Windows hata ile iliyochoka, shusha leo hii programu ya kutengenezea gemu, ni ya bure. Ila kama unachotaka ni gemu ya kuchezwa kwenye simu na watu wa mtaani kwako, soma mpaka chini kwanza, maana hapo ndo palinichosha kuliko pote.

Mimi ni fundi simu, kibanda kiko Mlango Mmoja, mchana ni vioo na sehemu za chaji, jioni nikifunga narudi Igoma, tunakaa mezani mimi na mdogo wangu. Yeye anachora, mimi naandika skripti, yani amri za kuiambia gemu ifanye nini, na Jumamosi wanakuja jamaa wengine wawili, mmoja anatengeneza muziki kwa simu yake na mwingine kazi yake ni kucheza kila tulichofanya na kutuambia wapi pamekwama. Wote tumekutanishwa na kupenda hizi gemu za visa.

Kwa asiyezijua, hizi ni gemu ambazo hakuna risasi wala kukimbizana, una mhusika wako, ukikliki kitu anakiangalia, ukikliki mtu anaongea naye, anaokota kamba hapa anaenda kuitumia kule, kisa kinasogea kadri unavyofumbua mafumbo. Zilitamba kwenye kompyuta miaka ya 80 na 90, King's Quest ya kampuni ya Sierra ilitoka 1984, The Secret of Monkey Island 1990, alafu kampuni kubwa zikahamia kwenye mambo mengine, waliozipenda ndo wakabaki wanazitengeneza wenyewe majumbani. Muingereza anaitwa Chris Jones akatoa toleo la kwanza la hii programu 1997, enzi za DOS, ule mfumo wa kompyuta wa zamani, na mwaka 2010 na 2011 akauachia wazi msimbo wake, yani maandishi yanayoijenga programu yenyewe, watu wengine waiendeleze, ndo maana mpaka leo iko hai. Wenyewe wanaiita AGS kwa kifupi na mimi nitaiita hivyo.

Kuinstoli hakuna shida, faili lenyewe si kubwa, bando la siku linatosha na chenji inabaki. Ukifungua unakuta tayari kuna mifano ya kuanzia, unachagua ile ya kukliki kwa alama kama gemu za Sierra au ile ya vitenzi tisa chini ya skrini kama Monkey Island, na mhusika wa kuanzia yupo anatembea. Yani siku ya kwanza tu, ndani ya saa moja, tulikuwa na mtu anatembea kwenye picha ya barabara ya Makongoro iliyochorwa na dogo. Sijui kama naweza kueleza ile furaha, tuliangaliana tu.

Kila sehemu kwenye gemu inaitwa chumba, hata ikiwa ni ziwa zima. Unaingiza picha, alafu unapaka rangi juu yake kuonyesha wapi mtu anaweza kukanyaga, wapi pa kukliki, na wapi mtu anatakiwa apotee nyuma ya kitu. Hiyo ya mwisho kwa sisi wa Mwanza ndo muhimu kuliko zote maana mji wetu ni mawe, kila ukigeuka kuna jiwe kubwa kuliko nyumba. Chumba chetu cha kwanza cha maana kilikuwa ufukweni karibu na Kamanga, jiwe la Bismarck linaonekana kwa nyuma, na mawe mengine makubwa huku mbele ambayo mhusika anazunguka. Sasa kila jiwe linawekewa mstari wake wa chini, mtu akisimama juu ya ule mstari kwenye skrini anafichwa, akishuka chini yake anaonekana mbele ya jiwe. Tulikosea mistari wiki nzima, mara kichwa kinatokeza katikati ya mwamba, mara mtu yuko nyuma ya jiwe lakini miguu iko mbele. Ukishaelewa huhangaiki tena, na mhusika akipanda kilima unamwambia apungue kimo taratibu, kwaiyo vile vilima vya nyumba zilizobebana juu ya mawe vinatoka vizuri sana. Kwa mji kama huu sijaona kitu kinachofaa zaidi.

Gemu yetu tumeiita Karabai. Ni kisa cha kijana anatafuta nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa ili afike Ukerewe kwa babu yake. Na hapa ndo nataka nieleze kwanini naipenda hii programu, naomba uvumilivu kidogo.

Chumba cha tano ni ziwani usiku. Dogo alichora mwezi mpevu, mkubwa, mweupe, mwanga umetambaa juu ya maji mpaka kwenye mtumbwi, kiukweli ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora na alikaa nayo siku kumi na moja. Mama yetu mdogo anauza dagaa Mwaloni pale Kirumba, miaka mingi sana, siku hiyo kaja nyumbani nikamwambia shikamoo mama mdogo, hebu kaa hapa ucheze kidogo. Marahaba baba, akakaa, akashika mausi, akacheza vizuri tu mpaka akafika kile chumba cha tano. Akanyamaza. Akauliza, "Huu mwezi mmeuweka wa nini?" Dogo akamwambia ni pambo tu mama mdogo, ili ipendeze.

"Mbalamwezi hiyo mtavua nini? Dagaa anafuata taa. Sasa mwezi ukiwaka ziwa zima limeshakuwa na mwanga, taa yenu nani ataifuata? Siku hizo watu wapo nchi kavu wanashona nyavu, mpaka giza lirudi."

Tumezaliwa hapa hapa, tunakula dagaa toka utotoni, na hatukuliwaza hilo. Dogo alitoka nje akakaa peke yake, nilimuelewa. Ila usiku ule ule tukaanza kurekebisha na hapo ndo AGS ilinionyesha thamani yake. Chumba kimoja kinaruhusu picha za nyuma mpaka 5, na yale maeneo ya kukliki na kutembea uliyopaka yanabaki yale yale kwa picha zote. Kwaiyo mwezi wa dogo haukutupwa. Picha ya kwanza ikabaki ya mbalamwezi, zile nne zikawa za giza na taa za mitumbwi zinapepea juu ya maji, mistari michache ya skripti ya kuzizungusha, basi. Na fumbo lenyewe likabadilika, sasa ukifika ziwani wakati wa mwezi mpevu hakuna mtumbwi unaotoka hata ubembeleze vipi, inabidi urudi nchi kavu, umsaidie mzee kushona nyavu, umsikilize anavyoongea, na siku zikipita mwezi ukafa ndo anakwambia haya twende. Ni fumbo zuri mara kumi kuliko lile letu la kwanza la kutafuta ufunguo wa injini. Na limetoka kwa mtu wa Mwaloni, kazi ya jioni mbili tu. Programu ambayo inakuruhusu kusahihishwa na mama yako mdogo bila kubomoa kazi ya miezi, hiyo mimi naithamini.

Sehemu ya mazungumzo nayo imekaa vizuri. Unaandika jina la mhusika, nukta mbili, alichosema, kama unaandika maigizo ya redio, na kila swali unaweza kulificha au kulifungua kutegemea kilichotokea. Sisi tumetumia hiyo kwenye salamu, ukimfikia yule mzee wa nyavu ukaanza na shida yako moja kwa moja anakujibu kwa mkato na maswali mengine yote yanabaki yamefungwa, mpaka urudi umpe shikamoo. Angalizo moja, ukitaka kuweka amri ya skripti katikati ya mazungumzo lazima mstari uanze na nafasi, nilisahau hiyo nafasi nikapata ujumbe wa makosa usioeleweka siku mbili.

Lugha je? Kiswahili kinaingia bila kuhangaika, herufi zetu ni za kawaida, hata ng' inatoka safi. Na kuna mfumo wa tafsiri, programu inakusanya maneno yote ya gemu kwenye faili moja la maandishi, mstari wa juu maneno yako, mstari wa chini unaandika tafsiri, ukiacha wazi inatumia yale ya mwanzo. Bibi yetu wa Magu anatutafsiria kwenda Kisukuma kwa simu, dogo anaandika huku kaweka spika. Mwangaluka ya kusalimia na wabeja ya kushukuru tulizijua, ila majina ya vifaa vya mtumbwi aliyotupa bibi mengine tulikuwa hatujawahi kuyasikia.

Haya, sasa matatizo, na sitayapunguza.

Kubwa ni simu. Edita yenyewe, yani sehemu ya kutengenezea gemu, iko Windows tu, hilo sawa. Matoleo ya kuanzia 3.6 yana uwezo wa kutoa gemu ya Android, ila lazima kwanza ushushe zana za Android zenyewe, na hizo ni magiga, nilinunua bando likaisha njiani, nikanunua tena, likaisha, mwisho nikaenda kukaa usiku kwa rafiki mwenye intaneti ya waya. Na ukishafanikiwa unagundua jambo lingine, hizi gemu zimejengwa kwa mausi. Kwenye laptopu ukipitisha mshale juu ya kitu jina lake linatokea, kidole hakina kupitisha, kikigusa kimegusa. Tumechora kwa pikseli 320 kwa 180, ndoana ndogo juu ya jiwe kwenye kioo cha inchi sita kidole kinaifunika yote. Tumelazimika kukuza maeneo ya kugusa karibu vyumba vyote. Wateja wangu wote pale kibandani wanacheza kwenye simu, mwenye laptopu ni mmoja mmoja, kwaiyo hili sio dogo kwetu. Kama unaanza leo, panga kwa ajili ya kidole toka chumba cha kwanza.

La pili ni umeme. Spraiti zote, yani vipicha vyote vya wahusika na vitu, vinakaa kwenye faili moja linaitwa acsprset.spr. Laptopu yetu betri imekufa, umeme ukakatika wakati nahifadhi, faili likaharibika, michoro ya miezi minne ikagoma kufunguka. Tuliokolewa na flashi niliyokuwa nimenakili wiki moja nyuma. Tangu siku hiyo kila tukimaliza kazi folda nzima inanakiliwa mara mbili, na dogo michoro yake anaihifadhi pembeni pia, moja moja.

Mwongozo wote ni Kiingereza, umeandikwa vizuri lakini ni Kiingereza, na kama hujawahi kugusa lugha ya skripti utahitaji mwezi wa kuzoea. Jenga gemu ndogo kwanza. Kuna shindano linaitwa MAGS, kila mwezi, mada inatolewa na watu wanatengeneza gemu ndani ya mwezi huo huo, sisi tulijipimia hivyo hivyo nyumbani bila kutuma popote, vyumba vitatu, mbuzi kapotea Nyegezi, tukamaliza siku ya ishirini na tisa. Tulijifunza humo kuliko miezi yote ya kabla.

Kama unadhani kitu cha bure hakitoi kazi ya maana, cheza 5 Days a Stranger ya Ben Croshaw, ya 2003, ya bure pia, alafu Gemini Rue ya 2011 na Unavowed ya 2018, hizo mbili zinauzwa na zote zimetengenezwa humu humu. Ukiuza ya kwako hawakudai chochote.

Kitu kimoja tulichobishana sana Jumamosi, kwenye gemu za Sierra mhusika anakufa hovyo, ukikosea hatua umekufa unaanza tena, wale wa Monkey Island wao waliamua mchezaji asiadhibiwe hivyo. Yule jamaa wa muziki alitaka kifo, anasema ziwa bila hatari sio ziwa. Mwenzetu mwingine ziwa lilimchukulia kaka yake. Hakusema mengi, alisema tu asingependa kuuona mtumbwi unazama kila mtu akikosea kukliki. Tukakubaliana hauzami. Dhoruba ikija, unarudishwa mwaloni umelowa, na mzee anakupa chai.

Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeipunguza kwa sababu ya simu. Tumebakiza vyumba vitatu, Nansio kule Ukerewe, nyumba ya babu, na safari ya kurudi. Mama mdogo ameshasema chanja za kuanikia dagaa tulizochora Nansio ziko chini mno, kuku watamaliza mzigo, kwaiyo wiki hii dogo anaziinua.