Waya wa springi kwenye mashine ya kushonea viroba: niliokosea kuupima, uliochomwa na grenda, na ninaoutumia sasa

Mimi ni fundi umeme wa kiwanda cha sembe hapa Dar es Salaam, maeneo ya viwanda ya Barabara ya Nyerere. Kazi iliyonisumbua kuliko mota zote za kiwanda ni kamashine kadogo ka mkono ka kushonea midomo ya viroba. Umeme kanaotumia haufiki hata ampea moja. Lakini kakisimama, mkanda wote unasimama, viroba vinajaa, na msimamizi anaanza kuniita kwa jina langu kamili.

Mashine yenyewe inaning'inia kwa springi kutoka kwenye bomba la juu. Mshonaji anaivuta, anaipitisha kwenye mdomo wa kiroba, uzi unakatwa, anaiachia inapanda. Shifti nzuri inatoa viroba elfu moja na ushee. Maana yake waya wa umeme unavutwa na kuachiwa mara elfu moja na ushee kwa siku, na hapo sijahesabu ile mivuto ya hasira uzi unapokatika.

Nilipoanza kazi nilikuta waya wa kawaida ulionyooka, umefungwa juu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili usiburuzike sakafuni. Ulikuwa ubunifu mzuri, simcheki aliyeufanya. Ila tyubu zikichoka waya unashuka, toroli linaupita juu, na kila mwezi nilikuwa nakata kipande kibovu na kuunga. Nikasema tuweke waya wa kujikunja, ule tunaouita waya wa springi, kama wa mkono wa simu ya mezani.

Kwanza nilijaribu kuutengeneza mwenyewe, na naliandika hili ili mwingine asijisumbue. Nilichukua waya wenye ganda la plastiki ya PVC, nikauzungushia kwenye bomba la nusu inchi, nikaupasha kwa mashine ya hewa ya moto, nikauacha upoe. Ukatoka mzuri, nikaupiga na picha. Wiki ya pili ulikuwa umenyooka, na nilipoupasua nikakuta ganda la nyaya za ndani limelainika na kukonda upande mmoja, shaba ikikaribia kuonekana. PVC ya kawaida imetengenezwa kubeba nyuzi joto 70 hivi. Mimi nilikuwa nimeipita mbali.

Nikaenda Kariakoo. Nikapata mmoja mweusi unaong'aa, msokoto wake una sentimita 45 ukiwa umejikunja. Muuzaji akauvuta hadi urefu wa mtu, akauachia, ukarudi taa! Nikalipa nikaondoka. Nilikosea mambo mawili siku hiyo, na yote mawili nililipia.

La kwanza ni kipimo. Nilikuwa nimepima kutoka bombani hadi pale kiroba kinaposimama kwenye mkanda, mita 1.4. Nikaona 45 mara tatu ni 1.35, karibu sana, inatosha. Sikupima pale mshonaji anapogeuka kufuata kiroba kilichoanguka pembeni. Pale ni mita 2.3. Msokoto wa sentimita 45 ukiuvuta hadi mita 2.3 umeuvuta mara tano. Watengenezaji wengi wanaruhusu mara tatu, wengine mara nne, ya urefu wa msokoto uliojikunja. Ukizidisha, waya haukatiki papo hapo, ndiyo maana mtu hashtuki. Unapoteza kumbukumbu kidogo kidogo, kila siku unarudi pungufu ya jana.

La pili ni ganda. Mashine ya kushonea inatiwa mafuta kila asubuhi, na mafuta hayo yanachuruzika hadi kwenye waya. PVC ni laini kwa sababu imechanganywa na vilainishi, na mafuta ya mashine yanavinyonya vitoke. Mwezi wa pili sehemu ya chini ya msokoto ilikuwa ngumu kama kijiti, na sehemu ya juu imelegea inaning'inia kama utumbo. Nilikuwa nimeweka alama kwa kalamu kwenye nguzo siku ya kuufunga, mahali msokoto unapoishia ukiwa umepumzika. Kutoka sentimita 45 ukawa umefika 110. Mwezi wa nne mashine ikaanza kuzima na kuwaka yenyewe.

Nilichukua mita ya umeme, nikaiweka kwenye mlio, yaani inalia mradi waya haujakatika, nikawa natikisa waya huku nasikiliza. Mlio ulikuwa unakatika sentimita tatu tu kutoka pale waya unapoingia kwenye mashine. Nikachana ganda kwa wembe. Waya wa kahawia nyuzi zake karibu zote zilikuwa zimekatika, moja moja, kwa vipimo tofauti, na chache za mwisho zimeungua zikawa nyeusi na kibonge kidogo cha shaba iliyoyeyuka kwenye ncha. Maana yake palikuwa panatoa cheche. Ndani ya chumba cha unga! Vumbi la unga likitanda hewani likapata cheche linaweza kulipuka, na hili watu wa viwanda vya nafaka duniani kote wanalijua kwa uchungu. Siku ile nilikaa chini kwanza.

Tangu hapo nikaacha kununua kwa macho. Nikatafuta wenye ganda la poliyurethani, ambao kwenye maandishi ya ganda au ya katalogi huitwa PUR. Ukiona H05BQ-F au H07BQ-F, hiyo ndiyo familia yake: mpira ndani, poliyurethani nje. H05VV-F ni PVC ndani na nje. PUR haing'ai, ukiishika inakuwa kama kavu mkononi, na ukiivuta inarudi kwa nguvu zaidi. Mafuta ya mashine hayaisumbui na inavumilia kusuguliwa. Bei ilikuwa karibu mara nne ya ule mweusi, na mhasibu alinitazama kama nimeomba gari.

Dukani safari hii niliuvuta mara tatu ya urefu wake na kuuachia, mara ishirini, kisha nikapima kwa futi kama umerudi ulipokuwa. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, unanunua au unafanya mazoezi?" Nikamwambia yote mawili.

Bado nikakosea. Nilichukua wa nyaya tatu za milimita mraba 1.5 kwa mawazo ya fundi kwamba mnene ndiyo imara. Siku ya tatu mama mmoja wa shifti ya asubuhi akaniita: "Fundi, huu waya wako una wivu. Nikienda kidogo tu unanirudisha." Nikaishika mashine mwenyewe nikashona viroba hamsini. Bega likanijibu. Waya mnene una msokoto mkaidi, na anayeushinda ni mkono wa mshonaji, mara elfu moja kwa siku. Kwa mzigo usiofika ampea moja, 1.5 ilikuwa ya nini? Nikaupeleka karakana, nikaagiza wa 0.75, msokoto sentimita 80, rangi ya machungwa. Mara tatu yake ni mita 2.4, na hitaji langu la mbali kabisa ni 2.3. Hapo ndipo hesabu ilikaa.

Kuufunga nako kuna adabu yake. Mvuto wa msokoto usifike kamwe kwenye skrubu za ndani ya mashine. Mimi nimeacha mkia ulionyooka wa sentimita 30 upande wa mashine, nikaubana kwa klipu kwenye mpini, na pale unapoingia nikaweka kishikizo chenye mpira mrefu unaopinda pamoja na waya. Ndani, ule wa kijani na njano nauacha mrefu kuliko wenzake, ili siku mtu akiuvuta ukang'oka, athi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, iwe ya mwisho kuachia. Uzito wa mashine unabebwa na springi yake ya chuma, waya haubebi kitu. Nimeona mahali wameuacha waya ndio ushike mashine, nikasema haya.

Ule wa machungwa wa kwanza ulikaa miezi saba bila neno. Kisha kijana wa kuchomelea, shifti ya usiku, alihitaji umeme karibu na mkanda. Akachomoa mashine ya kushonea, akaunga grenda yake ya wati 2000 kwenye waya wangu. Grenda ile inavuta karibu ampea 9, na waya wa 0.75 kwa kawaida ni wa ampea 6. Halafu fikiria kilichomo ndani ya ule msokoto. Niliwahi kukokotoa: waya una unene wa milimita 6.5, kila mzunguko unakula kama sentimita 7, na mizunguko ni zaidi ya 120. Ndani ya sentimita 80 zile kuna zaidi ya mita 8 za waya, zimebanana begani kwa bega. Kwa ampea 9 hizo, zaidi ya wati 30 zinageuka joto humo ndani na hazina pa kutokea. Waya ulionyooka hupoa kwa hewa, uliojikunja unajichemsha wenyewe. Fyuzi kwenye plagi ilikuwa ya 13, ikakaa kimya kwa sababu kwake 9 si kitu.

Asubuhi nikakuta msokoto umelainika na umelala hadi sakafuni. Kijana aliapa kwamba ameitumia "dakika chache tu, kaka". Kosa lilikuwa langu kwanza. Kwenye uliofuata nikaweka fyuzi ya ampea 3, nikafunga plagi ndani ya kiboksi chenye kufuli, na laini nzima ikapita kwenye breka inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Grenda wakaletewa soketi yao.

Kuna mahali niliukataa waya wa springi baada ya kuujaribu. Mzani wetu wa kuning'iniza nao nilitaka kuuwekea, upendeze kama mwenzake. Kihisi cha mzani ule kikijaa kilo 100 kinatoa milivolti 20 tu, yaani kilo moja ni milivolti 0.2. Nikaweka waya wa springi usio na kinga ya wavu, karibu na mota inayoendeshwa kwa inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota ambacho hutapakaza kelele za umeme kwenye nyaya za jirani. Mota ikiwaka, kilo zinacheza: 25, 24.6, 25.3, kama bei ya nyanya. Ipo ya springi yenye wavu wa shaba ndani kwa kazi kama hiyo, lakini mzani wetu haukuwa unatembea hata kidogo. Nilirudisha waya ulionyooka wenye wavu, kelele zikaisha.

Usafi ni kazi ya dakika mbili lakini usipoifanya utajuta. Unga unaingia katikati ya mizunguko, unakutana na mafuta, unakuwa ugali. Ugali huo unakuwa mchanga mgumu unaosaga ganda kila waya ukijikunja. Jumamosi tunazima umeme, mmoja anavuta, mwingine anapitisha kitambaa kikavu. Nusu ya pili ya tatizo la unga ni panya. PUR inavumilia mafuta na misuguano, meno ya panya haijui. Mwisho wa shifti mashine inapandishwa juu kabisa na waya unabaki umejikunja, mbali na ukuta. Hilo linausaidia pia kutunza kumbukumbu yake, maana waya unaolala usiku kucha umevutwa huamka umelegea.

Je, ningeununua tena? Kwa mashine inayotembea mbele na nyuma ndani ya mita mbili au tatu, ndiyo, wa PUR, na mwembamba kadiri mzigo unavyoruhusu. Kwa winchi ya karakana inayoshuka mita sita hapana, pale nimeacha waya ulionyooka wenye kamba ya chuma pembeni, kwa sababu msokoto wa urefu huo unajivuta kwa uzito wake wenyewe. Na wa PVC nimeubakiza kwenye taa ya mezani ya ofisini, anakokaa mhasibu, hakuna mafuta wala haraka.

Huu wa pili wa machungwa una miaka miwili na miezi kadhaa kazini. Alama ya kalamu bado ipo kwenye nguzo. Jana nimeupima tena: ulianza sentimita 80, sasa una 87.