Kanali 3,487, koplo 49: nimeirudia The Broken Ear

Kitabu hiki cha katuni cha Tintin, yule mwandishi wa habari kijana, nimekinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, tafsiri ya Kiingereza. Kufika nyumbani, kurasa nne za katikati zikanibaki mkononi. Gundi ikamaliza kesi.

Kinyago kinaibwa makumbusho, kesho yake kinarudishwa kimyakimya. Tintin anagundua kuwa kile halisi kilivunjika sikio. Hiki sikio zima. Kukisaka kunamfikisha San Theodoros, nchi ya kubuni Amerika Kusini, ambako anasimamishwa ukutani apigwe risasi. Mara habari zinaingia: Jenerali Tapioca kaangushwa, Jenerali Alcazar kashika nchi! Punde inasemekana mapinduzi yameshindwa. Punde tena, yamefaulu. Tintin, aliyekwisha kuleweshwa, anapiga kelele za kumsifu Alcazar na kuzinduka akiwa kanali. Msaidizi wa jenerali anamnong'oneza bosi: makanali tunao 3,487, makoplo 49 tu, si afadhali awe koplo? Jenerali anamshushia cheo msaidizi huyo palepale, awe koplo yeye. Hapo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Ila kurasa ninazozirudia ni zile za mafuta. Kampuni moja ya mafuta inamchochea Alcazar aivamie nchi jirani, Nuevo Rico, kwa ajili ya mafuta ya jangwa la Gran Chapo. Kisha anatua Basil Bazaroff, mfanyabiashara wa silaha: anamuuzia Alcazar mizinga, anapanda ndege, anakwenda kumuuzia jirani mizinga ileile. Hergé, mwandishi na mchoraji wa Tintin, hakuhangaika kuficha. Bolivia na Paraguay zilipigania eneo la Gran Chaco kuanzia 1932 hadi 1935, na mwaka huohuo wa 1935 hadithi ikaanza kutoka gazetini Ubelgiji. Bazaroff naye ni Basil Zaharoff, muuza silaha wa Vickers, kampuni ya Uingereza, kabadilishwa herufi mbili tatu.

Mpwa wangu wa darasa la sita alikimaliza kwa siku mbili. Akaniuliza, "Anko, huyu wa mizinga anakamatwa ukurasa gani?" Nikamwambia atafute.

Kasoro zipo. Waarumbaya wa msituni wamechorwa vikaragosi vya kuchekwa, na hilo limezeeka vibaya. Mwisho nao ni wa harakaharaka: almasi iliyofichwa ndani ya kinyago inadondokea baharini, basi.

Mpwa bado hajakirudisha. Nadhani gundi imeshaachia.