Tiba ya visindano kwa michirizi na ngozi iliyolegea baada ya kupungua: uzoefu wangu

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi wanasoma haraka haraka wakitafuta hilo tu. Tiba ya visindano, ile wengi wanaiita maikronidlingi, kwenye michirizi imenisaidia na tofauti naiona kwa macho, kwenye ngozi iliyolegea tumboni haijafanya kitu cha maana. Ni vitu viwili tofauti kabisa lakini karibu kila nilikoulizia niliuziwa kama kitu kimoja, "inakaza ngozi na kuondoa michirizi", sentensi moja, bei moja, ndo maana nimekaa niandike kwa urefu ili mwenye mwili kama wangu ajue anacholipia.

Mwili wenyewe uko hivi. Nilipungua kilo 30 na ushee, kwa chakula na mazoezi, na nilikuwa mnene tangu usichana kwa hiyo ngozi ilikaa imevutika miaka mingi. Nilipofika uzito nilioutaka nikabaki na tumbo la chini linalokunjamana nikikaa na kuning'inia nikiinama, mikono ya juu imelegea, mapaja kwa ndani ngozi laini imejikunja tu. Na michirizi, tumboni, kiunoni, kwenye matiti mpaka nyuma ya magoti, ya zamani imeshakuwa myeupe inang'aa na ya baadaye ilikuwa bado imeiva, kahawia inayoelekea zambarau. Watu wanakusifia umependeza na kweli ukivaa umependeza, ila ukivua unakaa kitandani unajiangalia unajiuliza ndo hiki nilichokihangaikia? Nimelia sana kwa jambo hili na najua siko peke yangu, ni vile tu halisemwi.

Kabla ya visindano nilienda kwa daktari wa ngozi na hapo ndo nashauri kila mtu aanzie. Swali lake la kwanza lilikuwa napaka nini mwilini. Alitaka kujua kama kuna krimu ya kung'arisha au ya kuondoa madoa, maana nyingine zina steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, na steroidi ukiipaka muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba na inachora michirizi yenyewe, hasa kwapani, kwenye kinena na mapaja. Yani mtu anapaka krimu aifiche michirizi kumbe krimu hiyo hiyo inaongeza mingine! Kama unapaka kitu ambacho hakijaandikwa kilichomo, tafadhali kipeleke daktari akione kabla hujalipia tiba yoyote.

Alafu akanisimamisha, akaniambia niiname mbele kidogo, akashika tumbo la chini kati ya kidole gumba na cha shahada akavuta taratibu, akaachia, akaangalia linavyorudi. Akashika tena juu ya kitovu. Akaniambia, "Dada, hapa chini ninachoshika ni ngozi tupu, mafuta yameshaisha. Hapa juu bado yapo kidogo." Hayo maneno yalinipa amani ambayo sikuitegemea, kwasababu nilikuwa nimeshapanga kubana dayati zaidi nikidhani sijapungua vya kutosha, na pale chini hakukuwa na kitu cha kupungua tena.

Alivyonieleza ni kwamba chini ya ile ngozi tunayoiona kuna tabaka nene lenye nyuzi za kolajeni na elastini, kolajeni inaipa ngozi uimara na elastini inairudisha ikivutwa. Ukinenepa haraka, au ukibeba mimba, au ukibalehe ukarefuka ghafla, zile nyuzi zinachanika huko ndani na mwili unaziba kwa kovu, hilo kovu ndo mchirizi. Kwa hiyo mara nyingi sio kupungua kunakoleta michirizi, ilishakuwepo, inaonekana zaidi tu kwasababu ngozi imesinyaa. Kulegea ni habari nyingine, pale ngozi nzima imepoteza uwezo wa kurudi na imebaki kubwa kuliko mwili uliomo ndani. Inategemea umri, ulikuwa mnene kiasi gani na kwa miaka mingapi, ulichorithi kwa wazazi, sigara, jua. Kijana aliyepungua kilo 8 ngozi inaweza kurudi taratibu ndani ya mwaka au miwili bila kufanya chochote, aliyepungua kilo 40 akiwa na umri wa makamo asidanganywe kwamba kuna mafuta ya kupaka yatakayoivuta irudi.

Sasa tiba yenyewe. Unapakwa krimu ya ganzi unakaa nayo karibu saa nzima, inafutwa, ngozi inasafishwa. Kifaa ni cha umeme, cha kushika mkononi, na mbele kuna kichwa chenye visindano vifupi vinavyoingia na kutoka kwa kasi. Kile kichwa LAZIMA kiwe kipya na kifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, na kikimaliza kazi kitupwe ukiwa bado umelala pale. Hapa sina utani hata kidogo, hivi ni visindano vinavyotoa damu, homa ya ini na virusi vya ukimwi vinapita humo. Sehemu moja niliyoenda kuulizia nilipouliza kichwa kipya kiko wapi yule dada akaniambia wanakichemsha, nikashukuru nikaondoka.

Tumboni na mapajani ngozi ni nene kuliko ya uso kwa hiyo visindano vinaenda ndani zaidi, mara nyingi kati ya milimita 1.5 na 2.5. Ukiwa na ganzi unasikia mtetemo na joto, kwenye nyama ya mapaja sio mbaya, ila ukikaribia mfupa wa nyonga na chini ya matiti unauma kweli, nilikuwa nashika shuka. Vinatoka vitone vidogo vidogo vya damu juu ya kila mchirizi na hiyo ni kawaida, ndo lengo lenyewe, mwili unadhani umeumia unaanza kutengeneza kolajeni mpya pale. Ukitoka ngozi ina moto kama ya mtu aliyechomwa na jua, kwa siku chache haitaki jasho wala marashi wala nguo ya kusugua, baadae inakauka na kupukutika unga unga mwembamba. Usiukwangue. Mi nilikuwa napaka losheni isiyo na harufu na kuvaa gauni pana basi.

Hairudiwi kila wiki. Wanaachanisha wiki 4 mpaka 6 kwasababu kolajeni inajengwa polepole, na watu wengi wanahitaji kurudia mara 3 hadi 6 ndo waone kitu, na hata ukishamaliza matokeo yanaendelea kujitokeza miezi kadhaa mbele. Kwa hiyo ukitoka mara ya kwanza hujaona tofauti usikate tamaa, na anayekuahidi wiki moja huyo muogope.

Matokeo kwangu. Ile michirizi iliyokuwa bado imeiva imefifia sana, kiunoni mingine naitafuta kwa mwanga wa dirishani. Ile ya zamani myeupe rangi haijarudi na daktari aliniambia mapema haitarudi, ila umbile limebadilika, zamani ukipitisha kidole ubavuni ulikuwa unashuka na kupanda kwenye vibonde, ngozi ya juu yake nyembamba inakunjika yenyewe, sasa kidole kinateleza karibu sawa. Mimi hilo la kugusa limenifurahisha kuliko hata la kuona, sielewi kwanini ila nikijipaka mafuta baada ya kuoga nasikia ngozi yangu ni moja.

Kwanini sikufanya leza? Ngozi yangu ni nyeusi, na leza zile kali zinazochoma tabaka la juu zikishikwa na mtu asiyezoea ngozi nyeusi zinaacha madoa meusi yanayokaa miezi, wakati mwingine mabaya kuliko mchirizi uliokupeleka. Visindano navyo vinaweza kuacha weusi ila hatari ni ndogo zaidi. Wapo wataalamu wanaoiweza leza kwenye ngozi nyeusi, wewe omba uone picha za watu weusi waliowatibu wenyewe.

Na kwenye picha mwe makini jamani. Kwenye pakeji ya "kukaza tumbo" niliyoonyeshwa, picha ya kwanza mtu kasimama kalegea, taa inapiga kutoka juu, ya pili kavuta tumbo, mikono kiunoni, taa inatoka mbele. Kwa ngozi iliyozidi kama ya kwangu visindano havikati ngozi, vinaifanya iwe nene kidogo na nzuri zaidi, lakini ule mkunjo wa chini uko pale pale. Zile mashine za joto, redio frikwensi, zinasaidia anayelegea kidogo, mkunjo unaoning'inia haziondoi. Hivyo vya kupaka ndo kabisa, siagi ya kakao na mafuta ya zeituni nimepaka na ngozi inakuwa laini, muwasho unapungua, navipenda kwa hilo, ila vilipofanyiwa utafiti kwa wajawazito havikuonekana kuzuia michirizi. Kilichonisaidia cha kupaka ni tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, ya kuandikiwa na daktari, usiku, kwenye ile michirizi mipya tu, na hiyo ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto usiiguse.

Ngozi iliyolegea kilichonipunguzia mateso ni vitu vya kawaida sana. Kwanza nguo ya kubana ya kiunoni mpaka mapajani, sio korseti ya kukukata pumzi, ni ile taiti nene ya mazoezi, tumbo likishikwa halipigi pigi nikikimbia na mapaja hayasuguani. Pili kuutunza ule mkunjo wenyewe, kwasababu hapo chini kunatuama jasho na ukikaa hivyo unapata vipele, wekundu, harufu, fangasi, nimepitia yote. Nikioga nauinua naukausha kwa taulo laini kwa kugusa gusa bila kusugua, nikitoka jasho nabadilisha nguo, na fangasi ikitokea klotrimazoli inaitosha, isipotosha naenda hospitali. Tatu mazoezi ya vyuma. Misuli ya mikono na makalio imejaza sehemu ya ile ngozi, mikono yangu kwa sasa navaa nguo zisizo na mikono bila kujifikiria, tumbo ndo halijazwi kwa misuli hata ufanyeje. Na protini usiipunguze hasa kama bado unapungua, mwili unajenga kolajeni na misuli kwa hiyo.

Wasiofaa kufanya visindano: mwenye mimba, mwenye vidonda au fangasi pale pale, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye historia ya kupata makovu yanayovimba, keloidi. Hili la mwisho kwetu wenye ngozi nyeusi ni kubwa, kama ulitoga sikio likaota uvimbe mwambie daktari kabla hajagusa chochote. Na vile viroller, vigurudumu vyenye visindano, vya kununua ukajichome nyumbani siungi mkono, vyenye visindano vifupi salama havifiki panapotakiwa na virefu vinavyofika ndo vinavyoleta maambukizi, na usimuazime mtu chako hata kama ni dada yako wa tumbo moja.

Nikitoa alama, kwa michirizi mipya naipa 8 kwa 10, ya zamani 6, kukaza ngozi iliyozidi 2 na hizo 2 ni kwa ajili ya ulaini. Kwa kilichofanyika kwenye michirizi ningelipia tena.

Tumbo nimeamua kuonana na daktari wa upasuaji, maana ngozi iliyozidi hivi kinachoiondoa ni kuikata. Sijaamua kufanya, naenda kusikiliza. Najua kovu linapita kutoka nyonga mpaka nyonga, najua wanataka uzito uwe umetulia angalau miezi 6 na mvutaji sigara aache wiki kadhaa kabla maana kidonda kinagoma kupona, na aliyepasuliwa tumbo la chakula ili apungue mara nyingi anaambiwa asubiri mwaka mpaka mwaka na nusu. Maswali yangu nimeshayaandika kwenye simu: maji yakijikusanya chini ya ngozi baada ya upasuaji nani atayavuta na wapi, damu kuganda kwenye miguu wanaizuiaje, nguo ya kubana nitavaa wiki ngapi, nikitaka kuzaa baadae nisubiri kwanza au nifanye, na kama vipele vya kwenye mkunjo vikiandikwa kwenye faili langu bima inaweza kuuhesabu upasuaji kama matibabu badala ya urembo. Hilo la bima ndo nitaanza nalo, nimeshapiga picha za vipele kila vilipotokea na tarehe zake.