Hoteli ya Kamakahonu, Kona: unalipia pale ilipo, sio chumba

Kama unatafuta hoteli ya Hawaii yenye ufukwe mrefu wa kutembea mpaka miguu iume, hii siyo, bora nikwambie mapema. Ufukwe wa Kamakahonu ni kipande kidogo cha mchanga kilichobanwa kati ya gati la Kailua, mji wenyewe wa Kona, na hekalu la Ahuʻena, familia chache tu zikitandika mataulo basi pameshajaa. Na sio wa wageni wa hoteli peke yao, Hawaii fukwe ni za umma kisheria, kwa hiyo usishangae wenyeji wakija na watoto na misosi yao wakakaa pembeni yako, ndo kwao pale.

Ila sasa hapo ulipotandika taulo ndo palikuwa kwa mfalme Kamehameha wa Kwanza. Sio jirani, sio mtaa wa pili, ni hapo hapo. Huyu ndo aliyeviweka visiwa vyote chini ya mtawala mmoja mwaka 1810, halafu akarudi Kona kumalizia uzee wake hapa mpaka alipofariki tarehe 8 Mei 1819, na mifupa yake ikafichwa kwa siri kama desturi ya machifu ilivyotaka, hadi leo hakuna anayejua iko wapi. Hekalu unaloliona limejengwa upya miaka ya 70 kwa ushauri wa Bishop Museum, makumbusho ya Honolulu, na ni dogo kuliko lile la zamani, ila limesimama kwenye jukwaa lake la mawe likiwa limezungukwa na maji, na ukiwa unaogelea unaliona kwa ukaribu ambao hakuna makumbusho itakupa. Angalia lile sanamu refu la mbao, kichwani lina ndege, anaitwa kolea, ndege wa kweli kabisa anayeruka kutoka Alaska kuja kukaa Hawaii kipindi cha baridi. Kupanda juu ya jukwaa ni marufuku, na tafadhali usiwe yule mtalii anayeruka kamba ili apate selfi.

Maji ya pale yametulia sana. Kwa mwenye watoto wadogo au mtu ambaye kuogelea bado anabahatisha, sidhani kama Kona mjini kuna sehemu bora zaidi, maana pwani kubwa ya upande ule ni mawe meusi ya volkano tupu. Ukivaa miwani ya maji samaki wa rangi wapo, kasa pia wanapita, usiwafuate wala kuwagusa, wanalindwa na sheria. Ngalawa za vilabu vya wenyeji zinashukia hapo hapo, zina mti wa kuelea upande mmoja tu, wa kushoto, na kuwaangalia watu sita wanavyozibeba hadi majini bila kelele mi peke yake ilinitosha kwa asubuhi nzima.

Sasa luau, ile karamu ya Kihawaii yenye ngoma na chakula. Kiukweli nilikuwa na wasiwasi, nikajua itakuwa yale maonyesho ya kutafuta makofi ya watalii, na ndiyo, kuna sehemu ya hivyo, moto unazungushwa, watu wanarekodi na simu wala hawaangalii. Lakini fikiria kinachoendelea pale mezani. Zamani sheria za kapu, yaani miiko ya dini, zilikataza wanaume na wanawake kula pamoja, na mwanamke akila nguruwe, ndizi au nazi anaweza kuuawa, sio utani. Mwezi Novemba 1819, miezi michache baada ya mzee Kamehameha kufariki, mwanawe Liholiho alienda kukaa na wanawake akala nao mbele za watu, huku Kaʻahumanu mjane wa baba yake na Keōpūolani mama yake mzazi wakimsukuma, na sheria yote ikaanguka kwa sahani moja. Ilitokea hapa hapa Kamakahonu. Kwa hiyo unapanga foleni na mkeo, wote mnachota nguruwe wa kuokwa chini ya udongo kwenye mawe ya moto, na yeye anaongeza ndizi. Mi nilijikuta naangalia sahani muda mrefu kidogo, asee. Poi, ule uji mzito wa magimbi, usiuonje wenyewe halafu ukanuna, ule pamoja na nyama yenye chumvi ndo utaelewa.

Sio wote walikubali lakini. Kekuaokalani, binamu yake Liholiho, aliingia vitani kuitetea dini ya zamani na akauawa Kuamoʻo pamoja na mkewe Manono. Ukifuata Aliʻi Drive kuelekea kusini mpaka mwisho unafika, ni jangwa la mawe meusi na makaburi. Nenda asubuhi jua halijachoma.

Vyumba? Vya kawaida, kitanda, AC, baraza, hakuna cha kusimulia. Ukilipa zaidi lipia kinachoangalia hekalu, maana vinavyoangalia mjini havina sababu, bora ulale penginepo. Na kama hoteli nyingi za Hawaii bei unayoiona mwanzo sio utakayolipa, kuna ada ya risoti, kuna paking, kuna kodi za jimbo na kaunti, soma mpaka chini kabla ya kubonyeza.

Uzuri mwingine ni miguu yako. Kasri la Huliheʻe la mwaka 1838 na kanisa la Mokuaikaua viko mwendo mfupi hapo mbele, gari la nini. Ubaya ni kwamba meli kubwa za watalii zinatia nanga nje na kushusha watu kwa boti kwenye gati pembeni yako, siku hiyo utulivu sahau, cheki ratiba zao kabla. Oktoba kama kuna Ironman, yale mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia, ndo kabisa, wanaanzia kuogelea gatini, barabara zinafungwa na bei zinapaa, labda kama umekuja kwa ajili ya hiyo. Na mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni, kemikali ya kuzuia miale, yamepigwa marufuku kuuzwa Hawaii tangu 2021, nunua yale yanayotumia madini kule kule ukifika.