TAHADHARI: Seti za waya za pampu ya petroli zinazouzwa WhatsApp

Wadau wenye magari hapa Dar, kuna jamaa anatangaza "seti kamili" ya waya za pampu ya petroli: waya, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na fundi anakufuata nyumbani, kila kitu 65,000. Anasema gari linalozimazima njiani litapona siku hiyo hiyo. Na kweli linapona, ndiyo maana watu wanamsifia. Shemeji yangu alifungiwa. Baadaye akaanza kusikia harufu ya plastiki chini ya kiti cha nyuma. Tulipofungua tukakuta ganda la waya limeyeyuka, pembeni kabisa ya mfuniko wa tangi.

Waya umeandikwa shaba tupu. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ndani mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Pampu ya ndani ya tangi kwa kawaida inakula ampia 4 hadi 8 muda wote injini ikiwaka, na alumini ya unene uleule haipitishi umeme vizuri kama shaba. Kwenye maungio ndiyo balaa, maana yamesokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu nyeusi. Waya halisi wa shaba wa milimita za mraba 2.5 ungefanya kazi hiyo bila kupata moto.

Kipande kinachoingia ndani ya tangi nacho ni waya wa kawaida wa nyumbani. Ganda lake likikaa kwenye petroli linakakamaa na kupasuka, waya unabaki uchi ndani ya mvuke wa mafuta. Humo unatakiwa waya uliotengenezwa kustahimili petroli.

Fyuzi wameweka ya ampia 30, tena huko nyuma karibu na pampu. Maana yake waya wote kutoka kwenye betri hauna kinga. Ukichubuka kwenye bodi na kupiga shoti, hakuna cha kuukata. Fyuzi inakaa jirani na betri, na kwa pampu nyingi za gari dogo ampia 15 inatosha.

Lililonikera zaidi ni rilei. Pini ya 86, ile inayoiamuru rilei iwake, wameilisha umeme wa swichi ya ufunguo moja kwa moja, wakati waya wa zamani wa pampu ndio ulipaswa kuiamuru. Kupitia waya huo wa zamani, kompyuta ya gari hukata pampu injini ikizima. Kwa ufungaji huu gari likigongwa na bomba likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli hadi mtu azime swichi. Fundi wake alipoulizwa akajibu, "Kaka, hii ndiyo ya kisasa."

Kama umeshafungiwa na gari lako ni EFI (linaloingiza petroli kwa kompyuta), washa swichi bila kupiga stata. Magari mengi pampu hunguruma sekunde mbili tatu na kunyamaza, mengine haingurumi kabisa. Ikiendelea kunguruma bila kukoma, umeungiwa moja kwa moja. Zima swichi, chomoa waya wa hasi kwenye betri, usiliwashe tena, na umwite fundi umeme unayemfahamu alifuate lilipo. Asiunge waya kwa kuchomea risasi ya moto (soda) karibu na tangi.

Shemeji alipodai pesa yake, jamaa aliiblock namba yake. Sasa tangazo lilelile, picha zilezile, limerudi kwa jina jingine la duka na bei imeshuka hadi 50,000. Anataka utume pesa yote kabla fundi hajatoka.